Wageni wa Kihansi katika Nyumba ya Nyoka

Katika wilaya ya Bronx, jijini New York, ipo nyumba ya matofali iliyojengwa kwa ajili ya viumbe ambao watu wengi wakiwaona hukimbilia fimbo. Ilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1899, siku moja na Bustani ya Wanyama ya Bronx yenyewe, na mpaka leo haijabadilishiwa kazi: waliomo ni nyoka, kobe, mijusi, mamba na vyura. Waliochora ramani yake ni George Heins na Grant LaFarge, wale wale walioshinda shindano la kuchora Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana la jiji hilo. Ofisi moja ilitoa ramani ya nyumba ya ibada na ramani ya nyumba ya nyoka. Wapo watakaoona ni mzaha. Mimi naona mafundi wale, walijua wasijue, walikuwa wakimfanyia kazi tajiri mmoja.

Mkurugenzi wa kwanza wa bustani, William Temple Hornaday, alihitaji mtu wa kuijaza nyumba hiyo na kuitunza. Alimpata kwenye chumba cha habari. Raymond Ditmars alikuwa kijana wa miaka 23, mwandishi wa habari za mahakamani wa gazeti la New York Times, na ghorofa ya juu ya nyumba ya wazazi wake ilikuwa imejaa nyoka. Mama wa kijana huyo anastahili kumbukumbu yake mwenyewe. Alipoajiriwa Julai 1899, Ditmars alihamia kazini na nyoka wake, zaidi ya arobaini, wakawa miongoni mwa wapangaji wa kwanza. Naye hakuondoka tena. Alifia kazini mwaka 1942, akiwa ameandika vitabu kadhaa, ametengeneza filamu za wanyama watu walipokuwa bado wanashangaa picha zinazotembea, na amewafundisha Wamarekani wengi kumtazama nyoka zaidi ya mara moja kabla ya kumuua.

Uandishi wa habari haukumtoka. Alijua gazeti linataka nini, na bustani ilijua vilevile. Kwa miaka mingi wenye bustani walitangaza zawadi kwa atakayeleta nyoka aliye hai mwenye urefu wa futi 30, yaani mita tisa na zaidi kidogo. Ilianza na dola 1,000, ikapanda mpaka 50,000. Hakuna aliyewahi kuichukua. Wasafiri walirudi kutoka Amazon na Malaya na hadithi za nyoka mrefu kama jahazi, lakini mbele ya kipimo hadithi zilinywea. Aliyemuumba chatu alimpa mpaka wake.

Waliofanya kazi ndani ya nyumba hiyo hawakuhitaji nyoka wa futi 30 ili washangae. Walishangaa kila siku kwa vitu vya kawaida. Nyoka hana kope. Jicho lake halifumbi, usingizini wala akiwa macho. Limefunikwa na gamba moja jembamba lipitishalo mwanga. Siku chache kabla ya kujivua, jicho huingia ukungu wa rangi ya buluu, nyoka akawa haoni vizuri, na mtunza wanyama anayejua kazi yake humwacha kabisa. Ukungu ukishatoweka, nyoka husugua midomo kwenye jiwe au gogo, ngozi ikafunguka kuanzia mdomoni, akatoka ndani yake akiiacha nyuma imegeuka ndani nje. Hapo ndipo kazi ya mtunzaji inapoanza. Huliokota gamba lile, akalishika upande wa kichwa na kulielekeza kwenye taa, akitafuta vifuniko viwili vidogo vya mviringo, kimoja kwa kila jicho. Vikiwapo vyote, salama. Kikikosekana kimoja, ujue kimebaki kimenata juu ya jicho jipya, na lazima kilainishwe kwa unyevu kabla hakijaleta madhara. Ni kazi ya nusu dakika, na kwa miaka zaidi ya 120 imekuwa ikifanywa humo na watu ambao wengi wao majina yao hayapo popote.

Halafu kuna yule nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani. Kati ya jicho lake na tundu la pua kuna kishimo kidogo. Hicho kishimo kinahisi joto. Usiku wa giza totoro, panya anapopita kimya, nyoka huyo anapata habari ya mwili wenye joto uko upande gani, naye hulenga bila kuhitaji mwanga. Binadamu alichelewa sana kutengeneza chombo cha kufanya kazi hiyo. Nyoka alizaliwa nacho usoni.

Januari 1916, mmoja wa nyoka hao, aliyetoka Texas, alimgonga mtunza wanyama John Toomey alipokuwa akisafisha kizimba. Mkono ukavimba, hali yake ikazidi kuwa mbaya. Ikatokea kwamba siku zile zile alikuwapo nchini Marekani daktari kutoka Brazil, Vital Brazil, mkuu wa Taasisi ya Butantan ya São Paulo, aliyekuwa amekuja kwenye mkutano wa wanasayansi. Mzigoni mwake alikuwa na seramu yake. Daktari huyo ndiye aliyekuwa ameonyesha kwamba dawa ya sumu ya nyoka wa aina moja haimfai aliyeumwa na nyoka wa aina nyingine, kila sumu na dawa yake. Seramu ilitengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kipimo kikiongezwa taratibu, mpaka damu ya farasi ikajifunza kupigana nayo. Kisha sehemu ya damu hiyo ikachukuliwa kuwa tiba. Toomey alidungwa, akapona. Mfanyakazi wa New York akaokolewa na farasi wa Brazil ambaye hakuwahi kumwona. Watu wasiomtaja Mungu wataita bahati, na sitagombana nao.

Lakini siwezi kuisimulia bustani hii kwa sifa tupu nikaruka jambo la Septemba 1906. Katika nyumba ya nyani ya bustani hiyo hiyo, chini ya Hornaday huyo huyo, aliwekwa mtu. Jina lake Ota Benga, Mmbuti kutoka Kongo. Maelfu ya watu walikuja kumtazama. Wachungaji Weusi wa jiji, wakiongozwa na James Gordon, walipiga kelele mpaka akatolewa kabla mwezi haujaisha. Alitamani kurudi kwao. Vita vya kwanza vya dunia vikafunga njia, na Machi 1916 alijitoa uhai huko Lynchburg, Virginia. Hesabu miezi: ni mwaka ule ule Toomey alipookolewa, miezi miwili baadaye. Wenye bustani waliomba radhi hadharani mwaka 2020. Hornaday ndiye pia aliyesaidia kuokoa baisani, yule nyati wa Marekani, alipokuwa karibu kwisha. Mwaka 1907 bustani yake ilipeleka baisani 15 Oklahoma kuanzisha kundi jipya porini. Alimwona Muumba katika baisani na katika mjusi, akashindwa kumwona katika mtu. Mambo hayo mawili yalitoka kifuani kwa mtu mmoja, na anayeandika maajabu ya uumbaji akilificha la pili basi hata la kwanza asiaminike.

Baada ya Ditmars walifuata wengine. Peter Brazaitis aliingia katika nyumba yetu hii ya nyoka, yaani Nyumba ya Watambaao, mwaka 1954 akiwa mtunza wanyama kijana, akapanda hadi kuwa msimamizi, na mwaka 2003 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kati ya fira na mamba. Ujuzi wake mmoja hunifurahisha kuliko mengine. Alisoma mpangilio wa magamba ya mamba, aina kwa aina, mpaka akaweza kushika ngozi iliyokwisha kushonwa pochi au kiatu na kusema imetoka kwa mamba gani. Kila aina ya mamba imeandikwa mgongoni na tumboni kwa mwandiko wake, na mwandiko haufutiki hata ngozi ikipigwa rangi na kuuzwa dukani. Wafanyabiashara wa magendo walikuwa hawajui hilo. Maofisa wa sheria wakalijua.

John Behler naye aliongoza idara ya watambaao tangu 1976 hadi alipofariki mwaka 2006. Moyo wake ulikuwa kwa kobe. Lakini ni katika miaka yake ambapo nyumba ya Bronx ilipokea wageni kutoka Tanzania, na hao ndio walionifanya nianze kuisoma historia ya nyumba hii.

Mto Kihansi hushuka kutoka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Katika korongo lake maji yalikuwa yakiporomoka kwa nguvu kiasi kwamba hewa yenyewe ilikuwa imelowa, mchana na usiku, masika na kiangazi. Manyunyu yale yaliotesha majani na kangaga kwenye vipande vya ardhi ambavyo kwa jumla ni kama hekta mbili. Humo, na si penginepo duniani, Mungu alikuwa amemweka chura.

Wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza. Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waliomtambulisha kwa dunia. Ni chura wa rangi ya njano iliyokolea. Jike hafiki sentimita tatu. Dume ni mdogo zaidi, mweke juu ya sarafu ya shilingi mia atatosha. Ukimtazama ubavuni mwa kichwa hutaona kiwambo cha sikio kama cha vyura wengine. Na jike lake halitagi.

Hapa nisimame kidogo. Vyura tuliokua nao hutaga mayai majini, yakawa viluwiluwi, viluwiluwi vikaota miguu. Kijana yeyote aliyecheza kwenye dimbwi anaijua habari hiyo. Sasa fikiria dimbwi halipo, pana mwamba uliolowa na maji yanayosomba kila kitu. Chura wa Kihansi alipewa njia nyingine: watoto hukua ndani ya mama yao, hatua yote ya kiluwiluwi ikapita tumboni, wakazaliwa vyura kamili wenye miguu minne. Kila mtoto ana urefu wa nusu sentimita hivi. Mama akikaribia kujifungua, ngozi ya tumbo lake huwa nyembamba mno kiasi kwamba mtunza wanyama akimtazama kwa chini kupitia kioo anaona watoto mle ndani, alama nyeusi nyeusi zilizosongamana, na akitulia anaweza kujaribu kuwahesabu. Hospitali zetu zinahitaji mashine kumwona mtoto tumboni. Kwa mama huyu unahitaji macho na subira.

Bwawa lilikamilika, na mwaka 2000 maji ya Kihansi yaliingizwa kwenye handaki yakazungushe mitambo ya megawati 180. Sitamlaumu aliyetaka taa. Anayekumbuka mgao wa umeme wa miaka ya 1990, chakula kikioza kwenye friji na watoto wakisoma kwa kibatari, anajua nchi ilikuwa na haja gani. Lakini katika korongo ilibaki kama sehemu moja ya kumi ya maji, na manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa mwaka huo, kwa makubaliano na Serikali ya Tanzania, vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Bronx.

Waliowapokea walikuwa na uzoefu wa karne nzima wa chatu na mamba, na wote haukuwasaidia sana. Chura huyu hakuwa amewahi kufugwa na mtu. Maji ya bomba ya mjini hayakumfaa mpaka yachujwe. Manyunyu ilibidi yatengenezwe kwa vyombo, yanyeshe ndani ya masanduku ya vioo kwa saa maalumu. Taa za kawaida hazikutosha. Zilitakiwa taa zenye mionzi inayofanana na ya jua ili mifupa ya watoto iimarike. Mdomo ule mdogo haulishwi nyenje mzima. Walizalisha wadudu ambao ni kama vumbi linalotembea, nzi wa matunda, na vitoto vya nyenje vilivyoanguliwa jana. Hata hivyo vyura walikufa, mmoja mmoja na makundi kwa makundi, Bronx na katika bustani nyingine za Marekani walikogawanywa. Kufikia mwaka 2004 waliobaki, Bronx na Toledo, hawakufika mia moja.

Huko nyumbani Tanzania juhudi nazo zilikuwa zimefanyika. Mabomba ya kunyunyizia maji yalitandazwa korongoni mwaka 2001, na kwa muda vyura waliongezeka. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu, ule ule uliomaliza aina nyingi za vyura katika mabara mengine, ulikuwa umefika Kihansi. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Kwa hiyo kulikuwa na miaka ambayo kiumbe kizima, uzao wote uliobaki wa aina hiyo, ulikuwa unaishi kwenye masanduku ya vioo katika bustani mbili za Marekani, ukingoja mtu afungue bomba asubuhi. Mtunza wanyama akichelewa kwa sababu treni imeharibika, au akipitiwa akaingia na viatu alivyovaa chumba kingine chenye ugonjwa, madhara yake yasingekuwa ya chura mmoja. Watu wale walikuwa wakilipwa mshahara wa kawaida, wakivaa mabuti ya mpira, wakihesabu watoto wa nusu sentimita kwa macho, na kuandika hesabu daftarini. Ninapomwomba Mungu awabariki walinzi wa viumbe vyake, hao ndio wanaonijia, na majina yao mengi siyajui.

Taratibu mamia yakarudi, kisha maelfu. Februari 2010 bustani iliwaweka baadhi yao mahali pa wageni kuwaona, ndani ya Nyumba ya Watambaao. Mwaka uliofuata nyumba hiyo ilipata umaarufu mkubwa kwa jambo jingine kabisa. Fira wa Misri, kijinyoka cha nusu mita, alitoroka sandukuni Machi 2011, nyumba ikafungwa kwa takriban wiki nzima, na mtu fulani mtandaoni akajifanya yeye ndiye fira anayezurura New York akitembelea minara na maduka. Dunia ikacheka. Fira mwenyewe alipatikana kwenye kona ya giza ndani ya jengo lile lile, hakuwa amekwenda kokote. Nami nilicheka, ila naona si haki kwamba nyoka mmoja aliyejificha alipata wasomaji wengi kuliko uzao mzima uliorudishwa kutoka ukingoni mwa kaburi.

Kabla ya kisa hicho cha fira, Agosti 2010, vyura 100 walipandishwa ndege wakarudi nchini, wakapelekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye chumba kilichotayarishwa kwa ajili yao. Mabibi na mababu zao walikuwa wametoka korongoni miaka kumi nyuma. Wao wenyewe walizaliwa Marekani na walikuwa hawajawahi kulowa kwa maji ya Kihansi. Mwishoni mwa 2012 vyura zaidi ya elfu mbili waliachiwa korongoni, mara ya kwanza kwa aina ya amfibia iliyokwisha kutangazwa kutoweka porini kurudishwa kwake. Wengine wameachiwa mara kadhaa tangu hapo. Kazi haijaisha. Kuvu haijaondoka, na mto haujarudishiwa maji yake yote, kwa hiyo mabomba ya manyunyu lazima yaendelee kunyunyiza, na Watanzania waliojifunza kazi hiyo kutoka kwa watunzaji wa Bronx na Toledo wanaendelea kuzalisha wadudu, kuchuja maji na kuhesabu.

Chumba cha vyura pale chuoni kina pampu, vipoza hewa na taa ambazo hazitakiwi kuzimika. Umeme wake ni wa gridi ya taifa, na Kihansi ni mmoja wa mito inayoilisha gridi hiyo. Maji waliyonyang'anywa korongoni yanawafikia kwa waya, na TANESCO wanaleta bili.